Rimu Nyeusi za Mjane

Fundi wa matairi pale Mkuza aliniuliza mara mbili kama mwanangu wa kiume yuko njiani. Nikamwambia sina mtoto wa kiume, nina pikapu, na iko mbele yake. Nilikuwa nimenyooshea kidole rimu nyeusi zilizotundikwa juu kabisa ukutani, pana, na matairi yake yenye kashata nene, yale meno ya kukamata matope.

"Bi mkubwa, hizi wanachukua vijana. Halafu zitasugua madigadi, labda tuinyanyue gari."

"Inyanyue."

Pikapu ile niliinunua kwa hela ya kuku wangu wa mayai. Mume wangu ndiye aliyeiendesha, maana mimi nilikuwa sijui, basi mtaa mzima ukaiita gari lake. Alipofariki ikawa gari la marehemu. Nilipotoka eda, shemeji yangu, kaka yake mkubwa, akanipigia simu kutoka Kisarawe: siku ya hitima nije nayo, niiache pale nyumbani kwao, ndugu waamue. Alisema kwa upole, kama mtu anayedai sufuria yake iliyoazimwa. Bila pikapu mayai yangu yangerudi kusubiri huruma za watu wenye magari. Nilijifunza kuendesha kwa hasira, na nilijifunza haraka.

Rimu nililipia kwa zamu yangu ya mchezo wa kupeana hela. Kina mama wa mchezo wetu tuna utaratibu: anayepokea lazima atuonyeshe alichonunua, tukishangilie, ili hela isiishie kwenye chipsi. Wenzangu huleta masufuria na mapazia. Mimi nilipaki mbele ya nyumba ya kijumbe, mwenzetu anayekusanya michango, nikapiga honi. Walitoka na khanga zao mabegani, wakazikodolea macho rimu.

"Sema basi ni kwa ajili ya matope ya Gwata," kijumbe akaninong'oneza kwa huruma. "Tutakuelewa."

Matope yapo, na mayai hayapendi mashimo. Lakini sikutaka kujificha nyuma ya matope. Nikasema kwa sauti kwamba nimezinunua kwa sababu nimezipenda, na kwamba nikifungua mlango asubuhi nataka nilione gari langu nicheke. Mume wangu angezikejeli rimu zile mpaka machozi yamtoke. Namkumbuka kila siku, na bado ningezinunua. Mmoja akapiga kigelegele kifupi, cha kujaribu, kisha wengine wakampokea.

Siku ya hitima niliendesha mwenyewe mpaka Kisarawe. Pilau lilikuwa linapakuliwa. Shemeji alinijia ameshanyoosha mkono wa kupokea ufunguo, akaona magurudumu, mkono ukabaki hewani.

"Shemeji, umeifanya nini gari ya marehemu?"

Nilikuwa namtazama mama mkwe wangu, aliyetolewa nje ashuhudie nikikabidhi. Pale nyumbani akishasema yeye, hakuna wa kuongeza. Nilimwogopa, nikainama kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaipapasa rimu kwa kiganja, akakunja uso. Hakuzipenda hata kidogo. "Gari ya mwanangu mie naijua. Haikuwa na miguu hii. Haya madude ya nani?"

"Yangu, mama."

"Na gari iliyokaa juu yake?"

"Yangu. Nimeinunua kwa kuku. Na kuku wa mwanzo ulinipa wewe."

Shemeji akaanza kusema habari za ndugu kukaa kikao. Mama mkwe akamwambia alete mbuzi ya kukunia nazi. Akaduwaa, akaenda, akarudi nayo kutoka jikoni. Mama mkwe akamwonyesha kwa kidole aiweke chini ya mlango wa mbele. Akaikanyaga, akashika bega la mwanawe, akajivuta ndani huku akilalamika kwamba gari gani hili la kupandiwa kama mnazi. Akakaa kwenye kiti nilichokuwa nikikalia mimi marehemu alipokuwa anaendesha.

Shemeji alikuwa bado ameushika mlango.

"Ufunge," mama yake akamwambia. "Mwenye gari anataka kuondoka."

Nilikuwa sijasema nataka kuondoka. Nikazunguka upande wangu, nikapanda bila mbuzi, nikawasha gari.