Siku Nilipomtukana Mkwe kwa Spika

"Ukimaliza kufikiri, Masalu, utakuta watu wanakunja turubai."

Hayo ndiyo maneno aliyoniachia Kabula nje ya kanisa Jumapili ile, akafungua mwavuli wake, akaenda zake, na mimi wiki nzima sikulala. Turubai la nini? La msiba? La harusi? Kama ni la harusi, ya nani? Nililala chali kwenye chumba cha uani kwa dada yangu kule Mkolani nikiligeuza hilo turubai ndani nje kama mtu anayekagua shati la mtumba, na kila nilipoligeuza nikaona tundu jipya.

Nikiri mapema ili mtu asije akanikatiza: aibu niliyoipata Jumamosi iliyofuata niliifuata mwenyewe, kwa miguu yangu, nimevaa tai. Lakini hasira ninayo mpaka leo, na sioni kwa nini niifiche.

Tulimaliza chuo kikuu wakati mbaya. Kaka zetu waliotutangulia walikuwa wakimaliza wanakuta ajira inawasubiri, mtu anachagua hata mkoa. Sisi tulimaliza tukakuta serikali inapunguza watu, viwanda vinauzwa, na kila ofisi niliyoingia na bahasha yangu ya kaki niliambiwa, "Siku hizi ni soko huria, kijana, jiuze." Nijiuze! Kama fungu la nyanya. Wakati huohuo vijana niliowaacha darasa la saba walikuwa mwaloni Kirumba wananunua sangara kwa ajili ya viwanda, wanaendesha magari yenye vioo vyeusi. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa. (Dada yangu aliyajua kuyapika, simsemi vibaya, ila kila nilipochokonoa ule mfupa niliiona digrii yangu.)

Kabula, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hakuwa akitaka gari. Alitaka nipeleke wazee wangu kwa baba yake, Mzee Nkwabi, basi. Alikuwa ameniambia hivyo tangu mvua za vuli, zikapita, zikaja za masika, mimi bado najiuliza: mzee akiuliza kazi yangu nitajibu nini? Anawapenda wasomi au anawadharau? Nimtume mshenga mzee, au mshenga mzee ataonekana kama ninajificha nyuma yake?

Basi baada ya lile neno la turubai nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa. Kabula aliwahi kunidokeza kuwa baba yake hupumzika Jumamosi mchana kwenye baa ya Mama Sabina, vichochoroni, nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi. Nikasema nitakwenda pale, nitakaa meza ya mbali, nitaagiza soda, nitamsoma mzee tabia yake, kisha nitarudi nyumbani kutafakari. Nikavaa koti nililovalia siku ya mahafali pamoja na tai, kwa hoja kwamba kama mzee ataniona kwa bahati mbaya, basi aone mtu wa maana.

Sasa, mgeni anayepita barabara kubwa ya mjini Mwanza huona sura za yale maduka tu, nguzo, vibaraza na majina ya wenyewe yaliyochongwa juu ya milango. Migongo yake haijui. Nyuma kule nyumba zimepeana migongo, katikati imeachwa njia ya kupita mtu mmoja na mfereji, na njia hiyo inazaa nyingine, na nyingine, mpaka unatokea mtaa wa Makoroboi au unatokea jikoni kwa mtu. Fundi cherehani yuko chini ya ngazi, wauza mitumba wametundika suruali kwenye nondo za madirisha, wagonga mabati wanagonga koroboi kwa mdundo wao, na kila mlango wa tatu palikuwa pamefunguliwa baa mpya, makopo matupu ya bia za nje yamepangwa dirishani kama maua. Siku nyingine ningepapenda. Siku ile, na koti lile, na jua la saa nane, nilipachukia mpaka matofali.

Nilipotea. Nikaingia baa isiyokuwa yenyewe, nikatoka, nikaingia nyingine, nikatoka tena, na dada mmoja aliyekuwa akichoma ndizi mlangoni akapaza sauti, "Mchungaji, kondoo wako hawapo huku! Au umekuja kwa siri?" Uchochoro mzima ukacheka. Nikafikiria jibu zuri sana, lakini lilinijia nikiwa nimeshakata kona mbili.

Kwa Mama Sabina nilipatambua kwa spika. Alikuwa anakodisha muziki wa sherehe, na spika moja kubwa kama kabati alikuwa ameielekeza uchochoroni ili kuita wateja. Nikainama mlangoni, nikaingia uani, na kabla macho hayajazoea kivuli nikasikia sauti ya mwanamke:

"Huyu hapa! MC kafika!"

Alikuwa mama mnene mwenye kitenge cha njano (shangazi yao, nilikuja kujua baadaye). Akanishika mkono, akanikalisha katikati ya duara la viti, watu kama kumi, na mmoja wao, mwenye kofia ya pama, alikuwa Mzee Nkwabi mwenyewe, niliyemjua kwa sura tu, umbali wa kushikana mkono.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, baba. Umechelewa, lakini umevaa vizuri."

Nilitaka kusema mimi siye. Nawaapia nilitaka. Lakini nikafikiria, nikisema siye wataniuliza basi wewe nani, na nikisema mimi nani, mzee ataniuliza unatafuta nini baa, na nikisema nilikuja kukutazama... Nilipofika hapo kwenye mawazo yangu soda ilikuwa imeshafunguliwa mbele yangu, na shangazi ameshaanza kikao.

"Ndugu wanakamati, binti yetu anaagwa mwisho wa mwezi. Ukumbi tumeukosa, tutafanyia nyumbani. Turubai tumeshapata."

Turubai.

Nilihisi damu inapanda kutoka kwenye viatu. Shangazi akanigeukia kunieleza, kwa kuwa mimi ndiye MC, kwamba bwana harusi ni mfanyabiashara wa sangara, mtu mpole, ana gari lake, na Mzee Nkwabi akavua kofia akacheka akasema, "Huyu mkwe wangu nampendea kitu kimoja, hana maneno mengi. Kaja na wazee wake, kasema, kamaliza. Siyo vijana wengine wa siku hizi, mpaka ajipange, mtoto wa watu kazeeka."

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nimeshika soda yao, wananicheka wakidhani wanacheka na mimi. Kabula! Aliyeniambia atanisubiri! Ndiyo maana ya mwavuli ule!

"Hebu tukusikie sauti, MC," shangazi akasema, na Mama Sabina akanipa kipaza sauti. "Mtambulishe bwana harusi kama vile ndiyo siku yenyewe."

Nikasimama. Nikasema, "Mabibi na mabwana," na sauti yangu ikatoka kwenye ile spika ikaenda uchochoroni ikagonga ukuta ikarudi, kubwa, ya kiume, siyo yangu kabisa. Nadhani ndiyo iliyonidanganya. Maisha yangu yote sijawahi kusikika vile.

"Mabibi na mabwana, huyu binti ana mwenyewe! Na mwenyewe ni mimi! Mnacheka nini? Sangara aliingia ziwani akala furu, visamaki vyetu, wote, mkanyamaza. Sasa amepanda nchi kavu anakula mabinti, mnamtafutia turubai! Na wewe Mzee Nkwabi, soko huria limefunguliwa mjini, wewe umelifungua mpaka sebuleni kwako! Kwa nini usimuuze kwa kilo, kama minofu?"

Hapo nikaishiwa pumzi. Kule nje wagonga mabati walikuwa wameacha kugonga. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mzee Nkwabi alikuwa ameshika kofia yake kifuani kama mtu aliyeko makaburini.

Kisha nikamwona Kabula mlangoni, na sinia la sambusa mikononi. Alikuwa ametoka nalo mwanzo wa uchochoro. Kila neno alikuwa amelipokea njiani, kwa spika.

"Masalu," akasema taratibu, na utaratibu ule ndio ulioniogopesha. "Anayeolewa ni dada Leticia."

Dada Leticia. Dada yake mkubwa, nesi wa Bukoba, ambaye nimesikia habari zake mara mia. Mtu mwingine yeyote angeuliza, "Binti yupi?" Maneno mawili tu. Mchoma ndizi angeuliza. Mimi wiki nzima nilikuwa nimechambua turubai, sikuwa na nafasi ya kuuliza.

"Nilimaanisha ukichelewa utakuta turubai la dada linakunjwa na wewe hujaja kusema," akaendelea, na sasa sauti ilikuwa inapanda. "Nilitaka uje wakati wazee wote wamekusanyika, wamefurahi. Tangu vuli nakubembeleza useme na baba. Leo umeamua kusema, umemtukana! Kwa spika! Unaniuza kwa kilo, mimi? Mimi ni panki?"

Akaweka sinia chini kwa nguvu, sambusa zikaruka, akaingia ndani kwa Mama Sabina akafunga mlango.

Nilikimbia. Mtu mwenye digrii, na koti, alikimbia. Na uchochoro wote ulikuwa umeshayakariri. "Huyu binti ana mwenyewe!" mmoja anaita kutoka baa ya kushoto, "Na mwenyewe ni mimi!" wanaitikia wa kulia, na yule mchoma ndizi, "Mchungaji! Mahubiri tumeyasikia!" Niliwachukia wote. Nilimchukia muuza sangara ambaye hata sura sikuijua na ambaye hakunikosea kitu. Nikakata kulia, kushoto, nikapita chini ya suruali za mitumba, nikaruka mfereji, nikauona mlango wazi wenye kivuli, nikajitosa ndani nipate kupumua.

Palikuwa uani kwa Mama Sabina, kwa mlango wa nyuma.

Kamati yote ilikuwa bado imekaa. Kijana mwenye miwani myeusi na suti nyeupe, MC halisi, alikuwa anajitambulisha. Shangazi akasema, "Mungu wangu, kasahau nini tena?"

Mzee Nkwabi aliinua mkono. Hakuomba kipaza sauti, wala hakupandisha sauti.

"Wewe ndiye yule Masalu."

"Ndiyo, mzee."

"Mayu Kabula, binti yangu, ametutajia jina lako. Mama yake alikuwa amekuandalia kuku, tangu masika. Kuku ameshakuwa bibi." Hakuna aliyecheka. "Sikiliza. Kwetu mtu hasemi na mkwe wake kwa spika. Utaleta wazee wako, na beberu wa faini. Wala hutamleta nyumbani kwangu. Utamleta hapa, aliwe na hawa waliosikia matusi. Nyumbani kwangu tutaongea baadaye, kama mtoto atakuwa bado anakutaka. Kwa leo sijui. Hata mimi nisingekutaka."

Zamani ningerudi Mkolani kulitafakari hilo neno "kama" mpaka Krismasi. Ningejiuliza beberu wa rangi gani, mkubwa kiasi gani, na kama kuna maana iliyofichika. Lakini nilikuwa na hasira, na safari hii, kwa mara ya kwanza, hasira ilikuwa imepata anwani sahihi, yaani mimi mwenyewe. Nilipotoka pale sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Usagara, nje ya mji, kwa baba mdogo, nikamkuta anakamua ng'ombe, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, na tai shingoni. Alicheka mpaka akamwaga maziwa. Kisha akasema, "Beberu yupo. Tatizo ni mkali."

Na alikuwa mkali kweli. Jumamosi iliyofuata tuliingia vichochoroni, baba mdogo, mzee mwingine wa jirani, mimi na lile beberu lililosimama kila mlango wa baa kama linalotafuta mtu. "Mwenyewe kaja!" wakapiga kelele wagonga mabati. "Mchungaji kaleta kondoo!" akaita yule wa ndizi. Meno nilikuwa nimeyauma, masikio yanawaka, na kamba imenikata kiganja. Tangu siku hiyo nimejiapiza sishiki tena kipaza sauti, hata msibani, na mtu akiniambia habari nusu namuuliza papo hapo, "Nani? Lini? Wapi?" hata akiniona mjinga.

Mlangoni kwa Mama Sabina baba mdogo akasimama akafuta jasho. "Tupumzike kidogo," akasema. "Tufikirie kwanza tutaanzaje."

"Hapana, baba mdogo."

Nikainama, nikaingia. Walikuwepo wote, na Kabula amekaa kando ya shangazi yake, anatazama ukuta. Mama Sabina kwa mzaha akanisogezea kipaza sauti. Nikakisukuma pembeni.

"Shikamoo, Mzee Nkwabi," nikasema kwa sauti yangu ile ndogo. "Naitwa Masalu. Kazi bado sina. Nimeleta faini, na nimekuja na wazee wangu, wana neno."

Beberu likavuta, nusura linibwage. Kabula akainuka bila kunitazama, akaja, akanipokonya kamba mkononi, akaenda kulifunga.