Kicheko cha Babu Amisi Sinemani

Nakumbuka tulikuwa wanne sinemani siku ile ya Idd Pili: mimi Fatu, niliyekuwa na miaka kumi na mitatu, mdogo wangu Issa, kitinda mimba wetu Somoe, aliyesinzia kabla taa hazijazimwa, na Babu Amisi, jirani yetu wa Likombe, ambaye ndiye aliyetupeleka. Nawataja wote kwa sababu baadaye niliulizwa ni nani waliosikia, na jibu likawa watoto watatu, mmoja wao usingizini.

Enzi hizo Idd bila sinema haikuwa Idd. Watoto wa mjini Mtwara walijazana mlangoni na nguo zinazonukia duka, sisi tukiwa na vumbi la Likombe hadi magotini. Baba alikuwa amefariki, kisha mama akamfuata, nami nikaacha shule darasa la nne ili wadogo zangu wasiache. Nani angekumbuka kutupeleka sinema? Babu Amisi, mzee wa Kimakua aliyevuka Ruvuma akikimbia vita vya Mreno, alikuja na kanzu yake moja akasema, "Fatu, waogeshe hao watoto wako. Leo hata mimi nataka kuwa mtoto."

Filamu yenyewe ilihusu majasusi wastaafu. Wazee wenye mvi, mmoja anapalilia maua, mwingine anafuga njiwa na kuwagawia watoto wa mtaani peremende, kumbe wote walikuwa wapelelezi, na sasa wameitwa tena kazini. Kiingereza hatukukijua. Vijana wa viti vya mbele ndio waliotutungia maneno: "Huyo babu atakimbia wapi na goti lile?" Korosho za kuchoma zilipita mkono kwa mkono. Kisha mzee wa njiwa akaingia hotelini, akazungumza na mhudumu kwa lugha nyingine. Ukumbi ukanyamaza. Babu Amisi akacheka, peke yake, mpaka akajifuta machozi.

"Babu, anasema nini?" Issa akauliza.

"Kireno hicho, anaagiza kuku. Lakini anakitamka kama mtoto wa chuoni siku ya kwanza."

Wiki nzima mchezo wa kombolela ulikufa pale mtaani. Kila mtoto alikuwa jasusi mstaafu. Issa alitembea akichechemea na fimbo, akinong'ona nyuma ya mikorosho. Mimi nilikuwa mkubwa, sikucheza. Nilifikiri. Vita vilikuwa ng'ambo tu ya mto, watu waliogopa ndege za Mreno, na balozi wetu wa nyumba kumi hakuchoka kutuambia tufumbue macho. Nikaanza kujumlisha. Babu Amisi anaishi peke yake. Anajua Kireno. Anatuletea ming'oko ya kuchimba porini na makopa ya muhogo, kama yule wa njiwa na peremende zake. Tena wenzake wote huanika makopa chini kwenye mkeka. Yeye huyaanika juu ya paa, meupe, kwa mistari iliyonyooka. Rubani atakosaje kuyaona?

Mama aliniambia kabla hajafa, "Fatu, wewe ndiye mlango wa nyumba hii." Nikaona mlango una kazi. Nikaenda kwa balozi.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika."

Wanamgambo walimkuta asubuhi akila mabibo kibarazani. "Ngojeni kwanza nigeuze makopa," aliwaambia. Hawakungoja.

Alikaa mahabusu wiki tatu. Mvua za kwanza zikanyesha, makopa yakaozea juu ya paa. Aliporudi, hakuna kibaya kilichoonekana: alikuwa mpishi wa Mreno mmoja kwa miaka mingi, basi. Makopa aliyapandisha juu kwa sababu ya mbuzi, na mbuzi wenyewe walikuwa wetu, wawili tulioachiwa na baba.

Lakini jina la jasusi lilikwisha kumganda. Kisimani wanawake walivuta ndoo zao pembeni. Msikitini safu ilijaa, ila mahali pa kulia na kushoto kwake. Alivumilia mpaka mavuno ya mpunga, kisha akafunga mkeka wake na kuja kuniaga.

"Aliyenisema simjui, wala sitaki kumjua," alisema. "Lakini wewe watu wanakuamini, Fatu. Waambie nilikuwa mpishi."

"Ndiyo, Babu," nikajibu.

Wadogo zangu walisoma, wakamaliza. Hilo niliahidi, nikalitimiza. Leo wajukuu wangu wanaangalia filamu tatu kwenye simu kabla ya chakula cha mchana. Wakifika ya tatu, ya kwanza wameisahau. Nawacheka, na moyoni nawaonea wivu. Sisi tuliona moja kwa mwaka, tukaiamini kama mawaidha. Na wao wakimchafua mtu kwa maneno, hubonyeza mahali yakafutika. Langu halikuwa na pa kubonyeza.

Pale palipokuwa na kibanda chake sasa kuna kijiwe cha bodaboda, na vijana ambao hata baba zao hawakumwona wanapaita Kwa Jasusi. Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, huyo jasusi alikuwa nani?"

Walikuwepo majirani, wengine wa umri wangu, wakangoja kusikia.

"Kanawe mikono," nikamwambia, "chakula kinapoa."