Boksi Lililorudi Tupu

Pale sokoni Jecheon, ukiuliza liko wapi duka la vitoweo la Pyo Geumhui, watu watafikiri kwanza. Ukiuliza "kwa Gavana", hata mtoto atakuelekeza. Jina hilo, la gavana wa benki kuu, alipewa na wanawake wenzake kwa sababu kila mtu anajua yeye na fedha yake hawaachani kirahisi.

Kutoa fedha kwenye mashine jioni, saa za tozo, kwake ilikuwa dhambi. Afadhali alale na vijisenti mfukoni mpaka benki ifungue asubuhi. Mkopo wa duka aliwahi kuuhamishia benki nyingine kwa sababu ya riba iliyopungua kiduchu, halafu akarudi kule kwa mwanzo kuwaaga kwa adabu, na wale kwa kuona wanampoteza wakampunguzia zaidi. Akaurudisha. Wanawake wa sokoni walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini hakuna hata mmoja wao ambaye hakuwahi kumvuta pembeni na kumnong'oneza, "Gavana, hebu niambie, mimi nifanyeje?" Naye alikuwa na jibu kila mara. Nadhani kilichompendeza hasa kilikuwa kule kuulizwa, kuliko hata akiba yenyewe.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukipigia hesabu, nacho ni bima. Kwake bima ilikuwa Sundok.

Ma Sundok alikuwa wakala wa bima, mdogo kwake kwa miaka michache, mwanamke wa begi kubwa na viatu vilivyolika upande mmoja kwa kutembea. Alimwita Geumhui "dada", na hakulitamka neno hilo kama mawakala wanavyolitamka kwa wateja. Mume wa Geumhui alipoanguka kwenye ngazi akifunga bango la duka, Sundok ndiye aliyekaa naye hospitali akimlisha uji wakati mkewe anauza. Madai ya bima aliyafuatilia yeye mpaka fedha ikatoka. Hadi leo Geumhui hajui hiyo ofisi iko ghorofa ya ngapi.

Mwisho wa mwaka Sundok alileta kalenda. Siku ya kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha ya majira ya baridi, alikuja na glavu zake nyekundu za mpira, akakaa chini na wenzake kupaka kabichi pilipili tangu asubuhi. Akaondoka na boksi moja limejaa, limefungwa kwenye kitambaa. Boksi hilo lilirudi kila Januari na kitu ndani: mwaka huu peasi, mwaka ujao ufuta, safari moja soksi nzito za mume wa Geumhui. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hilo hakuna anayefundishwa, mtu huzaliwa nalo.

Sundok alipohamia kampuni mpya, Januari ya mwaka juzi, wanawake watano wa sokoni walimfuata kama vifaranga, Geumhui akiwa wa mbele. Hakuna aliyeuliza bei.

Basi mwanzoni mwa Novemba iliyopita, Geumhui akisubiri mayai ya kware yachemke, simu yake ikaleta tangazo: bima bila wakala, jilinganishie mwenyewe. Akajilinganishia. Kwa Sundok alikuwa akilipa won laki moja na arobaini na nane elfu kwa mwezi. Hii ya kwenye simu, yenye mambo karibu yaleyale, ilikuwa elfu sitini na moja. Akarudia kusoma, akavaa miwani, akasoma tena. Elfu themanini na saba kila mwezi zilikuwa zikimponyoka, yeye Gavana, mbele ya macho yake.

Alishika simu ampigie Sundok. Jina likatokea, kidole kikasimama. Angeanzaje? "Mdogo wangu, umekuwa ghali"? Alijiambia kwamba Sundok atamshawishi abaki, na kushawishiwa ni kupoteza fedha. Huo ndio uongo aliojidanganya nao. Akapiga makao makuu, akajibiwa na kijana asiyemjua, akavunja mkataba. Mayai yalikuwa bado hayajapoa.

Kama angeishia hapo, labda. Lakini jioni ileile alivuka njia kwenda kwa Wolsun, muuza samaki wakavu.

"Elfu themanini na saba," alimwambia. "Kila mwezi. Kwa simu moja tu."

"We Gavana, na Sundok je?"

"Sundok ana wateja kama mchele. Punje moja itamwuma?"

"Hebu nionyeshe hiyo namba."

Wolsun akawaambia wenzake, wenzake wakaja kwa Gavana kuuliza, naye Gavana akawaeleza wote, taratibu, kwa raha. Ilipofika siku ya kimchi, hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyebaki na bima ya Sundok.

Geumhui alikuwa na hakika kwamba hatakuja. Alijiandaa hata cha kusema wakimuulizia: ana kazi nyingi, ana mafua. Kabichi zilikuwa zimekwisha kutiwa chumvi na kuchuja maji, nyama ya nguruwe iko jikoni inachemka, wanawake wameketi kuzunguka beseni. Mlango ukafunguliwa. Sundok akavua viatu, akatoa glavu kwenye begi.

"Mmeanza bila mimi? Kitunguu saumu nani katwanga, mbona vipande kama mawe?"

"Ni mimi," alisema Wolsun, akiangalia beseni.

"Ndiyo maana mumeo kakonda."

Wakacheka, kicheko kikakatika mapema. Geumhui hakucheka. Alikuwa akipaka pilipili jani baada ya jani na kusikia kila jani likimsuta. Sundok alikaa ubavuni kwake kama miaka yote. Akasema uduvi wa mwaka huu ni mzuri. Akamuulizia mumewe: lile goti la kuanguka linamsumbua bado kwenye baridi? Hakutaja bima. Laiti angetukana. Laiti angerusha kabichi.

Walipokwenda kuosha mabeseni nje, Wolsun akamsogelea Geumhui penye bomba.

"Mimi juzi nilikwenda kwake," alisema. "Niliona nitashindwa kukaa naye leo nikiwa nimenyamaza."

"Akasema nini?"

"Kasema asante kwa kuja. Halafu nikambana, akanieleza. Mteja akivunja mapema, kampuni inamdai wakala kamisheni yake irudi. Ya watu watano, Gavana. Mwezi huu hakupata mshahara, na bado anadaiwa."

Maji ya bomba yalikuwa baridi ya kukata vidole, lakini Geumhui alikuwa ameyaacha yatiririke mikononi. Yeye, wa kupima maji hata ya kuoshea wali.

Sasa hapo alikuwa na nafasi. Sundok yuko ndani, anafuta sakafu, hatua chache tu. Geumhui aliingia, akapita nyuma yake, akaenda chumbani. Alitoa fedha alizoweka kwa safari ya chemchemi za maji moto, akazitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi. Akaizungushia plastiki, akaificha chini ya boksi, ndani ya kitambaa. Kisha akafunga fundo na kumkabidhi Sundok kwa mikono miwili.

"Kula vizuri," alisema.

"Nitakula," alisema Sundok.

Desemba ikapita bila kalenda. Geumhui akawa anahesabu kila anayepita mbele ya duka. Kila tarehe kumi simu ililia kumjulisha kwamba zile elfu themanini na saba zimeingia kwenye akiba yake, na kila ilipolia aliigeuza kifudifudi.

Januari, siku ya theluji, Sundok akaingia na boksi mkononi.

"Habari za baridi, mama mwenye duka," alisema.

Mama mwenye duka. Hivyo ndivyo wanavyomwita wapita njia wasiomjua. Geumhui alipokea boksi, na kabla hajalifungua mikono yake ilikwisha kujua. Lilikuwa jepesi. Ndani limeoshwa, limekaushwa, na hamna hata limau moja. Ilikuwamo bahasha tu, gundi yake haijaguswa.

"Nilitaka angalau..."

"Najua ulichotaka," alisema Sundok. "Ulitaka kulipa yaishe. Wewe unalipa haraka sana, usidaiwe riba."

Geumhui akaigeuza bahasha mkononi.

"Niulize basi. Si watu wote wanakuuliza wewe? Leo niulize mimi."

"Nikuulize nini?"

"Uliza hivi: Sundok, nimeona bima rahisi kuliko yako, nifanyeje? Ningekwambia chukua. Ni nzuri, nimeisoma. Halafu ningekwambia vunja ya kwangu, lakini subiri Januari, itimize miaka miwili. Ikishatimia hawanidai. Wewe ungepata bei yako, na wenzako pia, na mimi nisingekatwa kitu. Miezi miwili tu."

Kichwa cha Geumhui kikapiga hesabu bila kuombwa, kama kilivyozoea. Themanini na saba mara mbili. Laki moja na sabini na nne elfu. Hiyo ndiyo bei aliyomuuzia mtu aliyemlisha mumewe uji.

"Kazi nimeacha," aliendelea Sundok. "Jumatatu naanza jikoni shuleni, kupika cha mchana. Nipe figili za chumvi za won elfu nne na mia tano."

"Chukua tu, jamani, Sundok..."

"Pima."

Akapima. Sundok akaweka noti ya elfu tano juu ya kaunta na kubaki amesimama. Katika miaka yote ile Geumhui hakuwahi kumuuzia kitu.

"Chenji yangu."

Geumhui alitafuta sarafu ya mia tano kwenye droo, ikamponyoka, ikabiringika sakafuni. Akapiga magoti kuiokota, na akiwa hukohuko chini, nyuma ya kaunta, ambako haonekani, ndipo sauti ikamtoka.

"Sikukupigia kwa sababu niliona haya. Nikajiambia nabana matumizi. Na wale wengine niliwaambia mimi, wote, kwa kujisifu. Nisamehe."

Theluji ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye turubai la jirani.

"Kumbe samahani unayo mdomoni," alisema Sundok. "Nimeisubiri tangu Novemba."

Akaipokea sarafu, akaitia mfukoni. Hakusema amesamehe, naye Geumhui hakuthubutu kuomba mara ya pili. Sundok akafungua kifuko cha figili, akatafuna kipande kimoja, akafunga skafu shingoni. Alipofika mlangoni alisimama bila kugeuka.

"Figili zako zimezidi chumvi, dada."

Akaenda zake.

Geumhui akabaki na boksi tupu na bahasha. Baadaye akachukua kipande cha figili kwenye trei, akaonja. Ni kweli. Alizitia chumvi mara mbili asubuhi ile, na hata hakujijua. Akazitoa zote kwenye dirisha la duka, trei nzima, akazimwaga. Hakupiga hesabu ya hasara.