Kipima Joto Kwapani

Juzi, huko Mikumi, Mama Zuhura alinipa kazi ya kutuliza joto la mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Lilipanda na kushuka ovyo, na mayai ya kwanza yote yalikuwa yameharibika.

Kwanza nikabana waya wa kipima joto kwapani kuujaribu, kama enzi zangu za Kilosa. Kisha nikashika kidhibiti: napunguza nguvu, nasubiri, naongeza kidogo. Namba ikaganda kwenye thelathini na saba. Nikajiona profesa.

"Umeona, mama? Imetulia!"

"Fundi, wewe kiboko! Nipange mayai?"

"Panga!"

Nikainuka kwenda kunawa. Waya ukanivuta: bado ulikuwa kwapani.

Mama Zuhura akashusha trei, akicheka. "Kumbe umejipima homa! Kaa, baba, tuanze upya."