Beberu Namba Saba

Mzee Arkangelo alinifukuza kwake mchana kweupe. Miezi mitano baadaye akaja kunibembeleza, na kisa ni beberu.

Naitwa Aidah, Mganda. Mwaka uliofuata vita vya Desemba nilikuwa Juba, nalisha mabeberu wa utafiti kule mtaa wa New Site. Daktari Barnabas alikuwa anajaribu sindano ya kuzuia uzazi. Beberu anapumzika kuzalisha, dawa ikiisha anarudia kazi yake. Hakuna kuhasi.

Haya, nenda kawaeleze watu waliotoka kuzika ndugu zao.

"Nyinyi watu ya Uganda nataka kumaliza sisi!" Arkangelo, mwenye nyumba wangu, alifoka mbele ya majirani. "Leo mbuzi, kesho watu! Kalas, toka!"

Akatupa godoro langu nje. Sufuria ikafuata, na maharage yangu ndani. Nilimchukia papo hapo, na sioni aibu kusema.

Wiki hiyohiyo beberu namba saba akaibwa. Nani wa kushukiwa? Mgeni. Barnabas akanitimua bila kuniuliza mara mbili.

Sina kazi, sina chumba. Nikawa nakaanga chapati pale sokoni Custom, na wapita njia wananizomea eti mimi ndiye mwenye sindano ya kuwamaliza.

Siku moja nainua macho, Arkangelo huyo mbele ya kikaango. Amekonda hadi anatia huruma. Sikumhurumia.

"Aidah, dada yangu, malesh, unisamehe," akanong'ona. "Nyibol, bibi yangu mpya, bado hana mimba. Miezi tano sasa. Ile dawa... ikitoka kwa nyama ikaingia kwa mtu, nguvu yake inarudi?"

"Nyama gani, mzee?"

Chapati ikaungua.

"Njaa, dada. Korodani nilitupa. Nilifikiri dawa iko pale tu."

Kumbe! Aliyepiga kelele kwamba tunawamaliza ndiye aliyemla mbuzi wetu.

"Inarudi," nikamwambia. "Lakini kwanza twende ukamwambie Barnabas."

Akaenda. Akakiri yote, hadi pilipili aliyotia. Barnabas akaniomba radhi, akanirudishia kazi yangu.

Mzee alipotoka, daktari alicheka hadi machozi. "Namba saba nilimchoma maji matupu, nimlinganishe na wenzake. Dawa hajawahi kuionja! Kamwambie basi."

Sijamwambia mpaka leo.

Jamani, ukitemea chungu cha mtu hadharani, usikirudie kwa siri na kijiko.

Wanasema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Arkangelo alikula jana, na bado hajamaliza kutafuna.