Njahi za Malkia

Nakumbuka Jumapili moja pale kwetu karibu na Karurumo, baba zangu wakubwa walipotoka kanisani moja kwa moja, Biblia kwapani, wakaja nyumbani kumfukuza Malkia. Weka hiyo simu chini, mwanangu, nikusimulie.

Malkia alikuwa Makena, mke wa kaka yangu Nyaga, aliyeolewa kutoka Ruiri kule Meru. Siku alipoletwa, shangazi mmoja alimshika mikono akamsifu kwamba hiyo ni mikono ya kulima. Mama akamkatiza. "Mimi sikuletewa punda," akasema, "nimeletewa malkia." Basi jina likashika.

Lakini miaka ikaenda. Baba alikuwa ameshafariki, Nyaga ndiye mtoto wa kiume pekee, na lile shamba la kahawa lilikuwa linangoja mrithi. Mrithi haji. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Wanawake kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa walilitamka lile jina wakicheka: "Malkia, mwana wa mfalme yuko wapi?" Makena akifika nyumbani anakoroga uji huku machozi yanamdondoka, na mimi nilikuwa nikimwonea huruma.

Sasa, kwetu mwanamke akijifungua hupikiwa njahi, zile jamii ya maharagwe meusi, zikapondwa na ndizi, maziwa yapate kujaa. Hicho ni chakula cha mzazi. Mama, kila mvua ikinyesha, alipanda njahi kando ya ua na kusema ni za Malkia. Zikikauka anavuna, anazifunga vizuri, na ole wako uziguse! Mvua ikirudi anapanda nyingine, na zile kuukuu anampelekea jirani yeyote aliyejifungua, maana hakupenda zioze. Mwaka fulani wa ukame nilimwambia, "Mama, maharagwe yameisha, si tupike hizi?" Akanitazama juu mpaka chini. "Kwani wewe ndiye umejifungua?"

Ile Jumapili, baba mkubwa, yule wa kwanza kuzaliwa, aliketi akakohoa kile kikohozi cha watu wenye maneno mazito.

"Mama Nyaga," akasema, "tumengoja vya kutosha. Huyu msichana arudi kwao kwa heshima, Nyaga atafutiwe mke wa kuzaa. Shamba la ndugu yetu haliwezi kukaa bila mwenyewe."

Nyaga alisimama kwa hasira. Mama akamwashiria aketi.

"Mgeni haongei akiwa na njaa," akasema. "Ngojeni kwanza mle."

Akaenda jikoni akazitoa zile njahi. Wee! Nilijua mama amekata tamaa, na Makena alijua hivyo hivyo, akaketi kumenya ndizi. Na njahi si mchicha, mwanangu. Zilichemka, zikachemka, wazee wanangoja, harufu inawatesa, mmoja wao anauliza kama kuni zimelowa.

Hatimaye mama akapakua, sahani zinafuka moshi, baba mkubwa akashika kijiko. Hapo ndipo mama aliposema, kwa sauti ya upole kabisa:

"Hizi ni njahi za kujifungua kwa Malkia. Nimezipanda miaka yote hii. Aliye na hakika kwamba mtoto hatakuja, ale. Tena amalize, zisiharibike."

Kijiko kilibaki hewani. Mwanamume kula chakula cha mzazi ni aibu tosha. Kula cha mtoto ambaye Mungu bado hajasema neno la mwisho juu yake, nani angethubutu, tena katoka kanisani sasa hivi? Walitazamana. Kicheko kilinipanda nikajifanya nafukuza kuku.

"Mama Nyaga, umetufunga," baba mkubwa akasema.

"Nimewafunga na nini? Si chakula ndicho hicho?"

Akaweka kijiko chini polepole, akachukua kofia yake. "Basi tungoje," akasema. Wakaenda na njaa yao, wakatuachia Makena wetu.

Unauliza zile sahani? Mama alimshika Makena mkono akamketisha kwenye kiti kile kile cha baba mkubwa. "Kula," akamwambia. "Malkia halishwi siku ya kuzaa tu." Makena akala, analia anakula, anakula analia, na mimi nikalia pamoja naye.

Usidhani mtoto alikuja mwezi uliofuata. Hii si hadithi ya sungura. Mama alipanda tena, na tena. Kawia ufike, wahenga walisema, lakini hawakukuambia anayekawia huchoka namna gani. Mtoto alipofika, baba mkubwa alikuja mwenyewe na mkungu wa ndizi begani, akaita kutoka langoni: "Mrithi amefika?"

"Nimefika!" mama akajibu, mwiko mkononi. Alikuwa msichana, na kwetu msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo mama yangu Marigu alikuwa amezaliwa tena. Nikamtazama baba mkubwa usoni kuona atasemaje. Akatua mkungu, akacheka mpaka akashika goti.

"Basi shamba limepata mwenyewe," akasema. Na ndivyo ilivyokuwa, maana kahawa ile Marigu mdogo ndiye anayeivuna hadi leo.

Nisikilize sasa, mwanangu. Usimwambie mtu anayengoja kwamba wakati wake umepita, kwa sababu saa hiyo hukupewa wewe. Na usimpe pole tupu, pole hailiwi. Mpandie kitu, akuone ukipalilia. Hata Marigu asingekuja kamwe, Makena bado angekula katika kiti kile.

Mungu akunyeshee kwa wakati wake. Na kila utakachongoja, akupe mtu wa kukupandia njahi kabla watu hawajaanza kucheka.