Chuma cha Papa Kisimba

Ngoo... halafu kimya kirefu. Ngoo, tena. Mwanangu, sauti hiyo naisikia mpaka leo kuliko sauti zote za ujana wangu, hata kuliko honi ya meli ikitoka bandarini kwenda Kigoma. Kilikuwa kipande cha reli, kimening'inizwa kwa mnyororo mbele ya kanisa letu dogo, mtaa wa wafanyakazi wa reli hapa Kalemie, wakati nchi bado ikiitwa Zaire. Kengele ya kweli hatukuwa nayo. Papa Kisimba, mzee aliyestaafu kwenye atelie, karakana za reli, alikigonga kwa bolti nene aliyotoka nayo kazini, na sisi tuliridhika.

Juzi uliniuliza, huku unacheka, kwa nini sisi wazee tunajikokota kila asubuhi kwenda kusali na Mungu mwenyewe hatujamwona. Sikukujibu. Usifikiri nilikasirika. Jibu lenyewe ni refu, na nilikuwa na sombe, kisamvu chetu, motoni. Sasa kaa hapa nikuambie.

Chuma kile kilikuwa na milio miwili. Wa asubuhi ulikwenda mbio, ngo-ngo-ngo, mpaka mbwa wanabweka. Wa msiba ulikwenda polepole: pigo moja, unangoja mpaka unadhani limekwisha, ndipo la pili linakuja. Ukisikia huo wa polepole, mama wa mtaa wanaacha sufuria, wanafunga kikwembe, wanatoka nje kuulizana ni nani.

Mimi nilikuwa msichana wa kucheka. Masomo yangu hayakwenda mbali, lakini ndoto zangu zilikuwa zimeshavuka ziwa: nitaimba, nitavaa viatu vya kisigino, watu wa Kigoma watanijua. Kanisani nilifuata nyimbo tu. Kusali niliwaachia wakubwa, kama wewe unavyotuachia sisi.

Basi mwaka mmoja mama yangu akajifungua mtoto wa kike. Huyo ndiye mama yako, mwanangu. Ndiyo, huyo huyo anayekugombeza kila siku. Mtoto alikuwa mzima, analia vizuri, lakini mama alishikwa na homa isiyoshuka, wakampandisha hospitali kule mlimani. Baba alikuwa kazini bandarini toka asubuhi, kwa hiyo mimi ndiye niliyepika bukari, ugali wetu, nikaifunga kwenye kitambaa, nikapanda nayo, mtoto mgongoni, akanyonye kidogo.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mama mmoja wa mtaa wetu. Siku moja nilikuta kitanda kile kitupu. Niliposhuka, chuma kilikuwa kinalia polepole. Tangu hapo nikaanza kukiogopa kile chuma kuliko ugonjwa wenyewe. Nilikiona kama ndicho kinachoita watu kwa majina.

Nikamfuata Papa Kisimba. Alikuwa anafagia kanisa.

"Papa, nakuomba. Usigonge tena."

"Nisigonge nini?"

"Chuma. Ukigongaka polepole, muntu amekufa. Usipogonga..."

"Nisipogonga, hakuna muntu atakufa?" Hakucheka. "Njo vile unawaza, Sifa?"

Machozi yakanitoka. "Naogopa, Papa. Kama Mungu anasikiaka, mbona mama anazidi kuungua?"

Nilingoja matusi. Mzee akasimamisha ufagio ukutani, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kabuti lake la bluu la kazi, akanitolea bolti. Ilikuwa nzito, na ina vuguvugu la mwili wake.

"Chukua, binti yangu. Kesho hatutagonga. Utaona wewe mwenyewe."

Nililala nayo chini ya mto.

Asubuhi jua lilitoka upande wa ziwa, likapanda, na milango ya mtaa imefungwa bado. Mama Zawadi, muuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, alitoka nywele nusu zimesukwa nusu hapana, akapiga kelele:

"Kisimba amekufa ao? Ama kapata muke mupya, kamufungia ndani?"

Watu wakacheka, wakatawanyika, huyu bandarini, huyu sokoni. Lakini desturi yetu haikuwa hivyo. Chuma kikilia, watu wa shirika, jumuiya yetu ndogo ya sala, walikusanyika, wakasali, wakataja wagonjwa mmoja mmoja. Mama yangu walimtaja kwa jina lake la ubatizo, ambalo miaka ile serikali haikuliruhusu kwenye kitambulisho kwa kuwa ni la Kizungu; kanisani hakuna aliyelikataza. Kutoka pale mama kadhaa walibeba uji na maji ya moto, wakapanda mlimani pamoja. Siku ile hakupanda mtu.

Nikapanda peke yangu na mtoto. Moyoni nilijisikia mshindi, maana siku imeanza na hakuna mlio.

Nilimkuta mama amegeuza uso dirishani.

"Sifa, nani amekufa pale mutaani?"

"Hakuna, mama."

"Sasa mbona chuma hakikulia?"

Nikamfungua mtoto mgongoni. Akaniomba maji, akanywa kidogo, halafu akasema polepole, akipumzika kila maneno mawili matatu:

"Usiku wa huku ni murefu, mwanangu. Homa ikipanda, namuambiaka Bwana: sikuombi mengi, nifikishe tu kwenye chuma cha Kisimba. Kikilia, najua kumekucha, najua mumekusanyika, mumetaja jina langu. Pale napata usingizi. Leo nimengoja mpaka jua limeingia ndani. Nikasema, labda wamenisahau."

Mwanangu, sikuweza kumtazama. Nilimpa mtoto anyonye. Kitu alichokuwa anakishikilia gizani nilikuwa nimekilalia mimi, chini ya mto wangu.

Niliposhuka nilimkuta Papa Kisimba amekaa mlangoni kwake. Nikampa bolti yake.

"Papa, ulijua kwamba mama anangojaka?"

"Ya mama yako sikujua. Najua yangu." Akaigeuza ile bolti mikononi. "Muke wangu alipokufa, nilimukasirikia Mungu mpaka chakula hakipiti. Asubuhi mukono unagonga chuma, kinywa kinamwambia Mungu maneno mabaya. Mabaya sana, Sifa. Lakini nilimwambia yeye."

"Kwa nini uligonga, basi? Yeye si anaona bila chuma?"

"Mungu halali, hana haja ya chuma. Ni mimi nilitaka kusikia milango ikifunguka."

"Na alikusaidia nini? Muke hakurudi."

"Hakurudi." Akatikisa kichwa. "Wewe unataka Mungu awe mulinzi, asimame mulangoni, kifo kisipite. Mimi pia nilimutaka vile. Kifo kilipita. Lakini hata asubuhi moja sikukaa peke yangu na kilio changu. Sasa nenda upumzike, kesho nitagonga."

Akagonga, kesho yake na siku zilizofuata, na mama wa shirika wakapanda tena na uji wao. Sitakudanganya kwamba mama alipona. Hakupona. Alifariki alfajiri moja, na nesi aliyekuwa naye aliniambia alisikia chuma cha asubuhi, akafanya alama ya msalaba, akauliza kama mtoto amenyonya. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Kwa nini Mungu hakumponya, mpaka leo sijui. Padiri naye hakujua, na nilimpenda zaidi kwa kusema hajui. Kwa hiyo asubuhi ukiniona nafunga kikwembe changu, usidhani naenda kudai mshahara. Naenda kwa sababu mahali fulani kuna mtu kitandani, anaomba kufikishwa tu mpaka kunapokucha, na anataka kujua kwamba ametajwa. Siku moja mtu huyo nitakuwa mimi. Wewe ukishindwa kusali, sitakulazimisha; moyo wa mtu haufunguliwi kwa nguvu. Ila usimcheke anayesali, wala usimnyang'anye anachoshikilia kabla hujajua kinamsaidia kupita usiku gani. Na siku ukimkasirikia Mungu, mwambie yeye mwenyewe. Usimnunie.

Mungu wa mama yangu, nyanya yako ambaye hukumwona, akushike mkono pale ambapo mkono wangu hautafika. Uumwe ukiwa na watu, ucheke ukiwa na watu, na jina lako lisikose mtu wa kulitaja kunapokucha.

Kimoja tu hukuwahi kukisikia, hata mama yako hakijui. Asubuhi ile nesi aliponipa habari, sala ilikuwa imekwisha, na Papa Kisimba alikuwa amepanda mlimani na baba kumshughulikia mama. Nilimwacha mtoto kwa Mama Zawadi, nikaenda kanisani. Uwanja ulikuwa mtupu. Bolti, Papa alikuwa ameiacha juu ya kizingiti. Nikaishika kwa mikono miwili. Nikagonga pigo moja, nikangoja mpaka mlio wote ukaisha.

Ng'ambo ya barabara mlango ukafunguka.

Nikagonga la pili.